Miwani ya uhalisia pepe: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Kikwajuni

Chumba chetu cha uhalisia pepe hapa Kikwajuni, mjini Zanzibar, kina seti tatu za miwani, feni moja, mikeka miwili ukutani na ubao wa mita mbili sakafuni. Wanaoingia huuliza kabla ya kuvaa, na huuliza zaidi baada ya kuvua. Majibu haya tumeyaandika kwa ajili ya wote wawili.

Uhalisia pepe ni nini hasa?

Ni ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, ukauingia kwa kuvaa miwani maalumu, nao ukawa unaujibu mwili wako. Shika hilo la mwisho. Ukigeuza kichwa, unachokiona kinageuka kama ambavyo kingegeuka kweli. Ukichutama, unaona chini ya meza. Ukinyoosha mkono na kubana kidole, kikombe kinanyanyuka. Televisheni, hata iwe kubwa kama ukuta, haijui kama umeinama au umesimama.

Wengi wanaueleza uhalisia pepe kwa kutaja vifaa: miwani, rimoti za mkononi, kompyuta. Mwaka 1992 mtafiti Jonathan Steuer aliandika kwamba maelezo ya namna hiyo hayatoshi, kwa sababu yanazungumzia mashine na kumsahau mtu. Alitaka tuueleze kwa kile kinachompata mvaaji, yaani kujihisi yuko mahali pengine, na akasema kuna mambo mawili yanayopandisha au kushusha hisia hiyo: utajiri wa kile kinachoifikia milango ya fahamu, na uwezo wa mtu kukibadilisha anachokikuta. Mimi nipo upande wake. Vifaa vya 1992 leo ni vya makumbusho, lakini maelezo yake bado yanafanya kazi.

Mbona "pepe"? Kuna mapepo humo?

Swali hili linakuja kwa mzaha, ila si mara zote. Hakuna pepo, hakuna mganga, na hatuchomi ubani isipokuwa siku ya Ijumaa. Neno ni lilelile la barua pepe.

Lakini aliyelima mpunga analijua pepe jingine: punje yenye umbo zima la mpunga, ganda lake na rangi yake, ukiiminya ndani hamna kitu. Sijui maelezo mafupi yanayokaa vizuri kuliko hayo. Jengo unaloliona kwenye miwani lina umbo, lina kivuli, lina mlango unaofunguka. Ukienda kuliegemea, unaanguka. (Msiegemee. Ameshaanguka mtu.)

Tofauti yake na sinema ya 3D ni ipi?

Sinema ya 3D inakupa kina tu. Mwongozaji ndiye aliyechagua utazame wapi, na wewe umekaa kwenye kiti. Kwenye uhalisia pepe unaweza kumpa mgongo msimulizi ukaenda kuangalia kilicho nyuma ya pazia.

Na zile video za nyuzi 360 za YouTube?

Hapa watu wanabishana. Video ya nyuzi 360 imepigwa na kamera inayoona pande zote, kwa hiyo ukigeuka huku na huku unaona mambo mengine. Lakini ukipiga hatua mbele hausogei, ulimwengu wote unakufuata kama umeufunga kiunoni. Inaujibu mwili wako nusu.

Wataalamu huhesabu miendo. Kichwa kina mizunguko mitatu: kuitikia, kukataa, na kulaza sikio begani. Kisha kuna misogeo mitatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Nahodha haoni ugeni hapa, maana chombo chake kinafanya yote sita kwa wakati mmoja pakichafuka. Video ya 360 inaitambua mizunguko mitatu tu. Miwani kamili inaitambua sita. Ukitaka kujua kifaa ulichouziwa ni cha aina gani, kivae, kisha chutama. Kama sakafu inashuka pamoja nawe, umeuziwa cha mitatu.

Hilo halina maana kwamba video hizo hazifai. Kwa kuonyesha mahali palivyo hazina mpinzani wa bei.

Nasikia "kuzama" na "uwepo". Si kitu kimoja?

Si kimoja, na kuvichanganya ndiko kunakoleta ubishi usiokwisha vijiweni kuhusu miwani ipi ni bora.

Kuzama ni sifa ya kifaa. Inapimika: skrini ina upana gani wa kuona, inatoa picha ngapi kwa sekunde, sauti inatoka upande inaotakiwa kutoka au la. Macho ya binadamu yanaona takriban nyuzi 200 kwa upana, ilhali miwani nyingi za madukani zinatoa kati ya 90 na 110. Ndiyo maana unahisi kama unachungulia kupitia barakoa ya kupigia mbizi. Hiyo ni kasoro ya kuzama.

Uwepo ni hali ya mtu. Ni pale mwili unapokubali kwamba upo kule, wakati akili inajua fika kwamba uko Kikwajuni. Mtafiti Mel Slater aliugawa mara mbili mwaka 2009: kwanza, hisia kwamba uko mahali pale, pili, hisia kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. La pili ni gumu zaidi. Unaweza kutengenezewa sebule nzuri mno, ukahisi umeketi ndani yake, kisha akaingia mtu, ukamwamkia "shikamoo", akapita kama hakukusikia. Mara moja sebule inakuwa picha.

Nitoe mfano wa ubao wetu. Mchezo wenyewe ni maarufu duniani: unapanda lifti ya kubuni, mlango unafunguka juu kabisa ya jengo refu, na mbele yako kuna ubao mmoja unaoelekea hewani. Sisi tumeweka ubao wa kweli sakafuni ili mguu nao uuguse. Alikuja kijana kutoka Pemba, mchuma karafuu, mtu ambaye kupanda mkarafuu wa mita 10 kwake ni kama sisi kupanda ngazi. Wenzake walimcheka kabla hajavaa, wakisema tutapoteza wakati. Akafika mlangoni mwa lifti, akasimama. Hakupiga hatua. Akanyoosha mkono wa kulia juu, akipapasa hewa, kisha akavua miwani akasema, "Hapana tawi."

Nimelitafakari neno lake mara nyingi. Juu ya mkarafuu mwili wake una mazungumzo na mti: mkono unashika, mguu unakanyaga, gome linakwaruza. Kwenye miwani macho yalikuwa yameshawishika, mguu umeshawishika, ila mkono haukupata wa kuzungumza naye. Mguso ndio udhaifu mkubwa wa teknolojia hii mpaka leo. Rimoti inatetemeka kidogo ukigonga kitu, na maabara zina glavu zinazobana vidole, lakini hakuna anayeweza kukupa uzito wa tawi.

Miwani inawezaje kuyadanganya macho?

Kila jicho linapewa picha yake. Macho yetu yameachana kwa wastani wa milimita 63, kwa hiyo kila moja linaiona dunia kutoka pembeni kidogo mwa jingine, na ubongo unaitumia tofauti hiyo kukadiria umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili mwaka 1838 kwa michoro miwili na vioo viwili, kabla hata picha za kamera hazijazoeleka. Miwani ya leo inafanya lilelile kwa skrini, na mbele ya skrini kuna lenzi zinazolifanya jicho lione kana kwamba picha iko umbali wa mita moja na nusu au mbili, kumbe iko sentimita chache tu.

Sehemu ngumu ni kukimbizana na kichwa. Vihisi vilivyomo ndani vinapima unavyogeuka, na kamera ndogo zilizo nje ya miwani zinakitazama chumba ili zijue umesogea kiasi gani. Kompyuta inachora picha mpya na kuileta machoni, na kazi yote hiyo inatakiwa iishe ndani ya takriban milisekunde 20, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ikichelewa, ulimwengu unaburuzika nyuma ya kichwa na uwepo unavunjika. Sinema inaridhika na picha 24 kwa sekunde. Miwani inahitaji 72, 90, hata 120.

Hapa ndipo mikeka yetu inapoingia. Tulipofungua, kuta zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe pee, na miwani ikawa inapotea: mchezaji amesimama katikati ya chumba, yenyewe inadhani yuko barazani. Tulihangaika wiki nzima na programu. Kumbe kamera zinahitaji alama za kushikia, na ukuta mtupu hauna alama. Tukatundika mikeka ya Pemba, ile ya ukindu wa rangi, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Anayeingia hudhani ni mapambo.

Mbona nilichafukwa na roho?

Ndani ya sikio kuna kiungo cha mizani kinachoupasha ubongo habari kila mwili unapotikisika. Aliyekwenda Pemba kwa boti akakaa ndani wakati wa kupita mkondo wa Nungwi anaijua kazi yake. Macho yanaona viti vimetulia, sikio linasema tunapanda tunashuka, na tumbo ndilo linalolipa. Kwenye miwani ugomvi ni uleule, ila umepinduliwa: macho yanasema unakimbia na gari, sikio linasema umesimama palepale.

Kujikaza hakusaidii. Baharini tunaambiwa tutazame upeo wa macho. Humu dawa ni kuvua. Siku ya kwanza dakika kumi zinatosha, na uanze na mchezo ambao unatembea kwa miguu yako mwenyewe. Michezo mingi inakuruhusu kuonyesha mahali kwa rimoti na kutokea pale papo hapo bila kuteleza njiani, na hiyo huwapumzisha wengi. Feni tumeielekeza usoni kwa makusudi. Na ukitoka hapa huku kichwa kikielea, kaa kwanza, usipande pikipiki.

AR ni nini? Nayo ni hiihii?

Ni ndugu yake. Kwenye uhalisia pepe unaondolewa ulipo. Kwenye uhalisia ulioongezwa, ndiyo AR, unabaki ulipo na vitu vinaongezwa juu yake: unaelekeza simu kwenye mlango wa nakshi Mji Mkongwe, mlango unauona vilevile, ila pembeni yake panatokea maelezo ya kila ua lililochongwa. Mwaka 1994 Paul Milgram na Fumio Kishino walipendekeza tuvione vyote kama mstari mmoja, mwanzo wake dunia halisi tupu, mwisho wake dunia ya kubuni tupu, na katikati mchanganyiko wa kila kiwango, wakauita uhalisia mseto. Miwani mpya zinauvuka mstari huo kwa kubonyeza kitufe: kamera zinakuonyesha chumba chako, kisha kuta zinaanza kuyeyuka moja moja.

Nani aliyebuni mambo haya?

Hakuna mmoja. Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani alitengeneza kiti cha kufundishia marubani kinachoyumba kama ndege bila kuondoka ardhini. Morton Heilig alipata hataza mwaka 1962 ya mashine aliyoiita Sensorama, ambayo ukiketi ilikupa picha, sauti, upepo, mtikisiko na hata harufu. Haikuujibu mwili, ilirudia yaleyale kwa kila mtu, lakini ndoto ilikuwa ndiyo hiyo.

Wa kumkumbuka zaidi, kwa maoni yangu, ni Ivan Sutherland. Mwaka 1968 alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichofungwa kwenye mkono wa chuma ulioning'inia kutoka darini. Alichokiona mvaaji ni mistari tu, kama mifupa ya mchemraba unaoelea. Lakini ukigeuza kichwa, mchemraba uliuona kwa upande mwingine. Kiini chote tunachokiuza hapa Kikwajuni kilikuwa tayari kimo mle.

Jina la kizungu la teknolojia hii, virtual reality, lilienezwa miaka ya 1980 na Jaron Lanier, ambaye kampuni yake ya VPL iliuza miwani na glavu kwa bei za maabara. Mwaka 1995 Nintendo walijaribu kuleta kifaa cha nyumbani, Virtual Boy, kikionyesha rangi nyekundu tupu juu ya weusi. Mwaka uliofuata kilikuwa kimekufa. Baada ya hapo kimya kirefu.

Kilichoiamsha ni simu janja. Viwanda vilipoanza kutoa skrini ndogo kali na vihisi vya bei rahisi kwa mamilioni, kijana wa miaka 19, Palmer Luckey, aliweza mwaka 2012 kuchangisha zaidi ya dola milioni 2 mtandaoni kwa ajili ya miwani yake, Oculus Rift. Mwaka 2014 Facebook wakainunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2. Mwaka 2019 ilikuja Quest, miwani inayojitegemea isiyohitaji waya wala kompyuta pembeni, na bila hiyo chumba chetu kisingekuwepo.

Nikiizunguka Alkaaba ndani ya miwani, nimefanya umra?

Hapana. Na swali si la kuchekwa, limeulizwa na wakubwa. Mwishoni mwa 2021 Saudi Arabia ilizindua mradi wa kulitazama Jiwe Jeusi kwa uhalisia pepe, na mwaka 2022 mamlaka ya dini ya Uturuki, Diyanet, ikasema wazi kwamba kuizuru Alkaaba kwa njia hiyo hakuhesabiki hija. Ibada ile inataka miguu iwe pale. Kwa anayejiandaa kwenda, hata hivyo, kupita njia kabla ya safari kunampunguzia wasiwasi wa kupotea. Zaidi ya hapo muulizeni sheikh wenu, sisi ni watu wa kuchaji betri.

Ina faida gani kwetu zaidi ya michezo?

Duniani tayari wanafunzi wa upasuaji wanaitumia kujifunzia, na tangu utafiti wa Barbara Rothbaum na wenzake mwaka 1995 imekuwa ikitumika kuwatibu wenye hofu kali ya kimo, wakipandishwa kidogo kidogo chini ya usimamizi wa mtaalamu. Ubao wetu si tiba, ni mchezo.

Kwetu, mimi nawaza Beit al-Ajaib. Ni jengo la Sultani Sayyid Barghash la 1883, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mwanafunzi wa skuli aliyezaliwa juzi hajui ukumbi ule ulivyompokea mtu, wala mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba, uliokuwa umewekwa ndani. Kuna njia ya kulipiga jengo picha nyingi kutoka kila pembe, kompyuta ikazioanisha na kutoa umbo lake zima, mtu akaingia na kutembea humo. Mahitaji yake si makubwa sana: kamera, subira, na kuanza mapema. Visiwa hivi vilikwishapigwa picha kwa ndege zisizo na rubani katika mradi ulioanza 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishiriki, kwa hiyo mikono yenye ujuzi ipo. Ninachokiogopa ni kwamba nyumba nyingi za Mji Mkongwe zitapigwa picha ya kwanza siku zitakapokuwa kifusi.

Mfano mwingine ni kisiwa cha Chumbe. Wanafunzi hupelekwa kule kujifunza matumbawe, lakini asiyejua kuogelea anaambulia juu ya maji. Hapa video ya 360 inatosha kabisa, mradi anayesimulia azungumze Kiswahili na awataje samaki kwa majina ya soko la jioni la Forodhani, tasi aitwe tasi.

Mtoto wa umri gani anaruhusiwa?

Meta, ndio Facebook kwa jina jipya, wameweka miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, Sony miaka 12 kwa PlayStation VR. Sisi tunaanzia 12, na siku ya Idd hatubadilishi, hata mjomba mtu akisema mtoto ni mrefu.

Umeme ukikatika?

Betri inakaa saa mbili hivi. Kinachotusimamisha usiku ni giza, kwa sababu kamera za miwani nazo haziwezi kuona gizani. Tunawasha taa ya sola. Bando linahitajika wakati wa kupakua michezo na kuangalia video, si wakati wa kucheza michezo mingi iliyokwisha kupakuliwa.

Ninavaa miwani ya macho. Na rafiki yangu anaona kwa jicho moja.

Wewe njoo nayo, kuna kipande cha kuongeza nafasi, ila fremu pana sana hazipiti. Rafiki yako pia aje. Ataikosa tofauti ya picha mbili, lakini akisogeza kichwa vitu vya karibu vitapita haraka kuliko vya mbali, na kina atakipata kwa njia hiyo, kama anavyokipata barabarani.

Mtandio unazuia?

Hauzuii. Mkanda unapita juu yake, na nyuma ya pazia kuna sehemu ya wanawake ya kujiweka sawa. Kinachozuia ni wanja. Unaacha ukungu mweusi kwenye lenzi ambao hautoki kwa kitambaa kikavu, na anayefuata anadhani miwani mbovu. Mafuta ya nazi usoni nayo ni hivyohivyo.

Niliinunua yangu Dubai, sasa skrini ina doa lisilofutika.

Uliiweka dirishani, au barazani, lenzi zikitazama juu. Lenzi inakusanya jua kama kioo cha kuchomea karatasi, na dakika chache tu zinatosha kuiunguza skrini. Haitengenezeki kwa bei ya maana. Miwani ikivuliwa ifunikwe, hata kwa kanga.

Pemba mnakwenda lini?

Idd ijayo, viwanja vya Tibirinzi, Chake Chake, kuanzia baada ya Alasiri. Ubao tunaubeba, na mikeka tunairudisha kwao kwa siku hizo. Yule mchuma karafuu ametuma salamu kwamba atakuja tena, safari hii na kipande cha tawi mkononi.